Kitambaa cha Watu Tisa, Suruali za Watu Kumi

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo wizi wa kitambaa naujua. Sijasema naufanya. Nasema naujua. Mteja analeta doti zake mbili za kitenge, anataka gauni na kilemba. Unakata. Gauni linatoka, kilemba kinatoka, mteja anafurahi. Wiki inayofuata mwanao anaonekana dukani na kikaptula cha maua yaleyale. Mteja anauliza. Unamwambia vitenge vya siku hizi vinafanana sana, dada yangu. Maisha yanasonga.

Sasa kwa kikaptula hicho kimoja, Mwananyamala nzima inaniita mwizi. Sawa, nimekubali. Lakini kuna mafundi wakubwa zaidi yangu, wana ofisi za vioo, wanajitangaza kwenye televisheni, na wanachokata wao si kitenge. Wanakata nafasi ya makalio ya binadamu. Hakuna anayewasema. Basi leo nawasema mimi, maana nilikuwa na futi kamba mfukoni na nimewapima.

Habari yenyewe ni ya harusi. Mdogo wangu wa kike yuko Houston, Texas, kahamia zamani, na sasa binti yake anaolewa. Akina mama wa pande zote mbili wakakaa kikao, wakaamua sare iwe kitenge, kinunuliwe Kariakoo, kishonwe Dar, na mshonaji awe mjomba. Si kwa mapenzi. Kule Texas fundi akikukunjia pindo la suruali tu anakudai hela ambayo huku unapata suruali na mkanda wake. Vipimo vikaja kwa WhatsApp: kifua, kiuno, nyonga, kila mama na vyake, na kila mama kajipunguzia kidogo. Fundi hajaanza kudanganywa leo. Picha nilikuwa nazo, nikaongeza mwenyewe kimyakimya. Halafu mdogo wangu akapiga simu: "Kaka, njoo nazo mwenyewe. Zikibana huku, nani atazitanua?" Tiketi akakata yeye. Ikonomi. Mimi nikadhani ndege zote ni hivyo hivyo, mradi inaruka.

Ukishajulikana unakwenda Marekani huna begi tena. Begi ni la ukoo. Nimeruhusiwa mabegi mawili, kilo 23 kila moja, na kimfuko cha mkononi cha kilo 7. Magauni yalilijaza begi moja. La pili likawa wazi kwa umma. Dagaa wa Kigoma wa jirani, "kidogo tu fundi", hicho kidogo kimebebwa na watoto wawili. Kisamvu kikavu. Unga wa muhogo. Mchele wa Kyela, na nilipofika ndipo nikaambiwa Texas yenyewe inalima mpunga. Shangazi yangu akaja na samli ya kienyeji kwenye chupa ya maji ya nusu lita. "Ibebe mkononi, mwanangu, usije ukaichanganya na nguo za watu." Nikabeba mkononi. Shangazi habishiwi.

Uwanjani, mizani ikasema begi la magauni lina kilo 26. Dada wa kaunta akasema, "Punguza kilo tatu, mzee." Nipunguzie wapi? La dagaa nalo limefika ukingoni. Nikapiga magoti sakafuni nikafungua zipu. Foleni yote nyuma yangu inatazama. Mwanamume mzima, kipara, kakunjua gauni la kitenge la mikono mwamvuli, kifua inchi 48. Nikalikunja, nikatoa lingine. Yule dada akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, ya huruma, "Ni zako?" Nikajibu kwa sauti ya kutosha, ili foleni yote isikie kwamba sijaiba begi la mtu: "Ndiyo! Zote zangu!"

Kimya.

Wazo likanijia. Vilemba ni vyepesi lakini ni vingi. Nikavitoa vyote, nikajifunga kiunoni kimoja juu ya kingine, nikavaa koti juu yake. Mizani ikakubali. Nikajiona mjanja. Kuanzia hapo nilikuwa nimenenepa inchi sita, na naomba mzikumbuke hizo inchi sita maana zitatusumbua mbele.

Kwenye ukaguzi mashine ikalia. Kijana mwenye glovu akanipapasa, akasimama kiunoni. "Hapa kuna nini, mzee?" Nikasema vilemba. Akasema toa. Nikavuta ncha. Akavuta na yeye. Kitenge kikaja. Kikaendelea kuja. Akavuta akirudi nyuma mpaka akamgonga mwenzake, na kitenge bado kinakuja. Watu wameshavua viatu wanasubiri, mtoto mmoja anapiga makofi. Kilipoisha cha kwanza nikamwambia bado vingine. Akasema basi, mzee, nenda, nenda tu.

Ila samli hakuiacha. Maji yasizidi mililita 100. Nikamwambia, mwanangu, hii si maji, hii ni samli, ikiganda unaikata kwa kisu. Akatikisa chupa. Ikacheza ndani kama chai, Dar hii ya Februari. "Hapa haijaganda," akasema. Sikuwa na hoja. Nikamwomba aiweke karibu na kiyoyozi tuone. Hakuona haja. Baadaye nikaelezwa kwamba sheria hiyo ilikuja mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kunasa watu waliopanga kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Naelewa. Usalama ni usalama. Lakini hebu mweleze shangazi yangu kwamba samli yake imeangushwa na magaidi wa London.

Tukaitwa kuingia kwa makundi. Kundi la kwanza, la pili, la tatu. Langu lilikuwa la mwisho, tumebaki sisi na mfagiaji. Na njia ya kwenda kwetu inapita katikati ya wale wa bizinesi. Hapo ndipo nina ugomvi nao wa kweli. Kama mna vitanda, laleni, mimi sina neno. Lakini kwa nini mnipitishe? Mlango mwingine haupo? Mimi na koti langu la kiuno kinene napita pole pole nikigonga mabega ya watu, wao wamenyoosha miguu, wanakunywa juisi kwenye glasi ya kioo, wengine wameshapewa slipa. Dada mmoja aliangalia kiuno changu akasogeza glasi yake.

Dar mpaka Ghuba ni saa tano na kitu, nililala, sina la kuripoti. Shughuli ilikuwa Ghuba mpaka Houston. Saa 16. Mwezi wa Ramadhani mtu anafunga na kufuturu ndani ya muda huo na bado zinabaki.

Siti yangu, 41E. Ndege ni Boeing 777, kubwa kweli, ukiwa nje unasema humu mtu atacheza rede. Ndani safu moja ina watu kumi: watatu dirishani, wanne katikati, watatu dirishani. Mimi nipo kwa wale wanne, na si pembeni. Kulia kwangu kijana wa Mombasa anayesoma uhandisi huko Texas, mpole, ana adabu. Kushoto kwangu, penye njia, Mmarekani wa visima vya mafuta anarudi nyumbani kutoka Ghuba. Mtu mwema. Alinisalimia vizuri. Lakini Mungu alipomuumba hakuwa na haraka. Mabega yake yalianza kwake yakaishia kwangu.

Nikakaa. Nikasema nikakaa, kumbe nimekwama. Vilemba vimegoma. Mkanda wa siti haufiki. Nikauvuta mpaka mwisho, umebaki upana wa kiganja. Dada mhudumu akapita akaona, akaondoka, akarudi na kipande cha mkanda cha kuongezea, akanifunga mwenyewe huku anatabasamu. Mimi, kilo 61. Mmarekani pembeni, ukubwa wote ule, mkanda wake umefunga bila nyongeza. Akanipa jicho la pole.

Hapo ndipo nikatoa futi kamba. Siwezi kujizuia, ni kazi yangu. Nikapima kutoka mkono wa siti mpaka mkono wa siti: inchi 17. Nikarudia. Inchi 17, sentimita 43. Nikapima kutoka mgongo wa siti yangu mpaka mgongo wa siti ya mbele: inchi 32, na unene wa siti yenyewe humo humo. Jamani, mimi suruali naikata nikiacha nafasi ya kukalia, maana mtu aliyesimama si yule aliyekaa. Nyonga zikikaa zinatanuka. Kila mwanafunzi wangu analijua hilo wiki ya kwanza, kabla hata sijamruhusu kugusa mkasi. Huyu fundi wa ndege kawapima wateja wake wamesimama, tena wamebana pumzi.

Kijana wa Mombasa akacheka. "Mzee wangu, hii ndege haikukatwa hivi mwanzo." Akanieleza. Triple seven zilipoanza kubeba abiria mwaka 1995, kampuni nyingi ziliweka siti tisa kwa safu. Baadaye, moja baada ya nyingine, wakaongeza ya kumi. Nikamuuliza, wakaitanua ndege? Akasema ndege ni ileile, haijaongezeka hata uzi.

Mnaona? Kitambaa cha watu tisa, suruali za watu kumi. Hicho ndicho kile kikaptula cha mwanangu! Tofauti ni kwamba mimi naitwa mwizi na yeye anaitwa kampuni ya kimataifa.

Nikamuuliza, serikali zao hazina kipimo? Mbona kila kitu kwao kina sheria? Akasema Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2018, likaitaka mamlaka yao ya usafiri wa anga iweke kipimo cha chini cha siti. Mwaka 2022 mamlaka ikawa ndiyo inakusanya maoni ya wananchi. Maoni! Miaka minne suruali ipo mezani, sasa ndiyo unamuuliza mteja kama ana miguu. Walichokazania wao ni kwamba ndege ikipata ajali watu wote waweze kutoka ndani ya sekunde 90. Nikamwangalia Mmarekani wangu. Nikajiangalia kiunoni. Mimi kwenda chooni tu nilihitaji dakika nne na msaada wa watu wawili.

Tukaruka. Taa zikapunguzwa. Na yule wa mbele yangu, bila hodi, akalaza siti. Skrini ikanijia mpaka puani. Nikawa naangalia sinema jicho moja moja. Nikasema na mimi nilaze. Nikatafuta kitufe. Mkono wa siti una kirimoti, kirimoti kina vitufe, kimoja kina picha ya mtu. Nikadhani ndicho cha kumlaza huyo mtu. Nikabonyeza. Taa ikawaka juu ya kichwa changu na dada mhudumu akaja. "Yes, sir?" Sasa mtu kaacha kazi zake kakujia, utamwambia umekosea kitufe? Nikaomba maji. Akaleta kikombe. Nikanywa. Nikatafuta tena. Nikabonyeza kingine, sinema ikabadilika lugha ikawa Kiarabu. Nikabonyeza tena kurudisha. Taa. Dada. Maji. Kufikia saa ya tatu nilikuwa nimekunywa maji kuliko ng'ombe wa Dodoma na siti yangu bado imesimama wima. Kitufe cha kulaza, nilikuja kuonyeshwa, kipo ubavuni, upande wa ndani, mahali ambapo paja la Mmarekani lilikuwa limelala. Nikasema basi, yaishe.

Chakula kikaja. Nitapita haraka hapa maana nina hasira. Viwiko vimebanwa, unakula kwa kutumia viganja tu. Wali hauna chumvi. Kuku hana chumvi. Nikamlalamikia kijana, naye akageuza lawama kwangu: eti chumvi ipo, ulimi wangu ndio haufanyi kazi. Kule juu hewa ya ndani ni kavu kuliko jangwani, na mgandamizo wake unaweza kuwa kama wa mita 2,400, yaani juu kuliko Njombe mjini, kwa hiyo chumvi na sukari hazisikiki vizuri. Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer walilifanyia utafiti jambo hilo mwaka 2010 kwa ajili ya shirika lao la Lufthansa, wakagundua ndiyo maana watu angani wanapenda juisi ya nyanya, maana yenyewe inabaki na ladha. Hewa hiyo hiyo ndiyo inayovimbisha pakiti za maziwa. Hilo hakunieleza mapema. Nikatoboa kipakiti cha maziwa ya chai, kikaruka chote kikatua kwenye shati la Mmarekani. Akasema hakuna shida. Na hewa hiyo hiyo inavimbisha tumbo. Nilikula maharage Dar. Sitasema zaidi. Nitasema tu kwamba Mmarekani alifungua kile kitundu cha hewa cha juu, akakielekeza usoni, akakiacha hivyo mpaka Houston.

Nikawasha ramani kwenye skrini. Hapo nikapata wasiwasi mkubwa. Marekani iko magharibi, hilo hata mimi najua. Kindege cha kwenye ramani kinapanda kaskazini. Kinapanda tu, kinaelekea kwenye barafu. Nikamgusa kijana. "Mwanangu, rubani kapotea." Akasema hajapotea, dunia ni duara, hiyo ndiyo njia fupi. Nikamwambia njia fupi ni kunyooka, mimi nakata vitambaa miaka yote hii. Akasema, "Kitambaa kimelala mezani, mzee wangu. Dunia haikulala." Akatafuta kitu cha mviringo cha kunionyeshea. Hakuna. Macho yetu sote wawili yakaenda kushoto.

Mmarekani alikuwa amelala. Kipara kizuri, kinang'aa, hakina hata kovu. Kijana akanong'ona, "Sikio hili liwe Ghuba. Sikio lile la pili liwe Houston." Uzi ninao, mfuko wa fundi haukosi uzi. Nikaushika ncha mbili, nikauleta juu ya kichwa taratibu, nikauvuta ukaze. Kweli bwana! Uzi ukipita kando kama ramani inavyotaka haufiki, unahitaji kuongeza. Ukipandisha utosini unatosha na unabaki. Nikafurahi. Nikasema, "Kumbe!" kwa sauti. Mmarekani akafumbua macho. Mimi nimemwinamia, uzi mikononi, umekazwa, inchi mbili kutoka shingoni kwake.

Kiingereza chote kikaniruka. Nikasema, "Sori. Fundi."

Hakulala tena yule mtu.

Na mimi yale maji yote yakaanza kudai. Sasa mimi ni mtu wa pwani na ni Mwislamu. Chooni naingia na maji. Karatasi ni za kuandikia. Choo cha ndege kina bomba, lakini bomba lenyewe la kubonyeza, ukiliachia linakata, na kati ya bomba na mahali unapoyahitaji hayo maji kuna safari. Unahitaji kopo. Nikachukua kikombe changu cha karatasi, kitupu, nikajichomoa, nikasimama kwenye foleni ya choo nimekishika mkononi kwa heshima. Dada mhudumu yuleyule akanipitia. Akaniona mimi, akakiona kikombe. Kwa ukarimu wake wote akakijaza juisi ya epo. "For you, sir."

Ufanye nini? Umwage wapi? Foleni ipo mbele yako, ipo nyuma yako. Zamu yangu ikafika. Mlango wa choo nikausukuma pembeni, ukagoma. Nikauvuta, ukagoma. Bibi mmoja nyuma yangu akanyoosha kidole kimoja akausukuma katikati, ukakunjika. Nikaingia na juisi yangu. Nikafunga. Nikajitazama kwenye kioo, mjomba wa bibi harusi, nimevaa vilemba, nina juisi ya epo chooni. Kuimwaga ni dhambi ya kumwaga neema. Nikainywa. Yote. Nimesimama. Halafu nikasuuza kikombe, nikabonyeza bomba, nikakijaza, nikafanya mambo yangu kwa shida, kiwiko ukutani, goti mlangoni, vilemba vimeanza kufunguka. Nikabonyeza kitufe cha kusafisha. Jamani! Kile choo hakisafishi, kinanyonya. Kilitoa mlio nikaruka nikagonga kichwa kwenye dari. Ncha ya kilemba ilikuwa karibu mno. Niliiokoa kwa mikono miwili, na aliyepangiwa kilemba hicho hatajua kamwe.

Nikatoka nimeshika kikombe kitupu. Dada mhudumu akakiona. Akatabasamu kwa furaha ya mtu ambaye huduma yake imependwa. Akanijazia tena.

Saa zilizobaki sikumbuki mpangilio wake. Mtoto wa safu ya nyuma alikuwa anapiga teke mgongo wangu kwa zamu na nduguye. Mikono ya siti kwa watu wanne ni mitano, viwiko ni vinane, na mimi sikupata hata kimoja. Wanakushauri unyanyuke utembee damu isigande miguuni. Nilinyanyuka mara moja, nikakuta foleni ya watu waliosimama wananitazama kikombe.

Tulipotua nikatafuta viatu. Nilivivua mapema, nikaona raha. Miguu ilikuwa imevimba, kiatu kinaingia vidole tu. Nikatembea nimevikanyaga visigino, kwa hiyo nikafika mbele ya afisa wa uhamiaji nikiburuza. Akaniambia weka vidole kwenye mashine. Nikaweka. Mashine haioni kitu. Akanipa karatasi nifute. Nikafuta. Haioni kitu. Akavishika vidole vyangu mwenyewe akaviangalia karibu na taa. Ni sindano na pasi ya mkaa, vimelainika vyote, alama hakuna. "What do you do, sir?" Nikamwonyesha kwa mikono, nasukuma kitambaa, nakanyaga pedeli. Akasimama, akaangalia pindo la suruali yake, akakaa. Akanigongea muhuri. Suruali yenyewe ilikuwa imekatwa vibaya, lakini sikusema, nilitaka kuingia.

Kwenye mkanda wa mizigo begi la dagaa likawa la kwanza kutoka. Limetangulia, linanukia, watu wamelipisha njia. La magauni nikalisubiri mpaka mkanda ukazimwa. Limebaki Ghuba. Litakuja na ndege ya kesho, au ya keshokutwa, nijaze fomu.

Fomu tukaijaza usiku ule sebuleni kwa mdogo wangu. Sebule imejaa akina mama wa pande zote mbili, wamekuja kujaribisha nguo, wameketi wanangoja. Mimi nimewekwa kwenye kochi nimevuliwa vilemba vyangu, kila mmoja kachukua chake. Mdogo wangu kashika simu, anasoma na kuandika. "Kaka, wanataka maelezo ya kila kitu kilichomo. Kimoja kimoja. Wanasema bila maelezo hawalipi." Nikamwambia hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote, vipimo ninavyo kichwani, vile vya kweli, si vile vya WhatsApp. Nikafumba macho, nikaanza kumtajia kwa sauti, pole pole, asikosee kuandika.

"Gauni la kwanza. Mikono mwamvuli, shingo ya mraba. Kifua 48. Kiuno 46. Nyonga 54."

Sebule ikanyamaza.

"La nani hilo?" akauliza mama wa bwana harusi.

Nikafumbua macho. Nikamwangalia. Na wenzake wote, mmoja mmoja, wakageuka wakamwangalia.

"Kaka," akasema mdogo wangu, "hapa naandika tu nguo."